Sura hubadilika bila kubadili rangi: kuuelewa mzozo wa mekapu na kujipaka weusi

Video za mekapu za kubadili sura hazichoshi kutazama. Mtu anaanza na uso wake mtupu, brashi zinapita, na muda si mrefu amekuwa mwigizaji maarufu, malkia wa kale au mhusika wa katuni. Sifa humiminika. Kisha msanii mwenye ngozi nyeupe anajipaka faundesheni ya kahawia iliyokoza kuanzia kwenye paji la uso hadi kifuani, anavaa wigi la afro, anatokea akiwa mwimbaji mweusi, na sifa zinageuka lawama. Wanaolaumu wanasema huo ni ubaguzi. Wanaomtetea wanasema ni sanaa, tena ni heshima kwa huyo mwimbaji, na mbona waigizaji weusi waliojifanya Wazungu kwenye sinema hawakuandamwa? Muda si mrefu pande zote zimehamia kwenye jambo lisilopimika: moyo wa aliyepaka.

Kujipaka weusi, au blackface kama inavyofahamika mitandaoni, ni suala linaloweza kueleweka bila kumchungulia mtu moyoni. Kazi yenyewe inaonekana: nini kimepakwa, kimepakwa wapi, kinahitajika kwa lipi, na nani amekosa nafasi kwa sababu hiyo. Na ukianzia kwenye meza ya vipodozi badala ya kwenye siasa, utetezi wa "ni sanaa tu" unadhoofika mapema kuliko wengi wanavyodhani. Katika kumfananisha mtu na mwingine, rangi ya ngozi ndiyo yenye mchango mdogo kuliko karibu kila kitu kingine. Anayeibadili ameongeza kitu ambacho kazi haikumdai.

Kufanana kunatoka wapi

Mtu humtambua ndugu yake kwenye picha ya zamani isiyo na rangi, na humtambua kiongozi wa nchi kwenye kibonzo chenye mistari michache ya kalamu. Kinachofanya kazi hapo ni umbo na uwiano. Kwa hiyo wapambaji wanaobobea kwenye kubadili sura huanza kwa kupima, si kwa kupaka. Huchukua angalau picha tatu za anayeigwa, ya mbele, ya robo tatu na ya ubavuni, zenye mwanga laini. Uso hugawanywa mara tatu: kutoka mwanzo wa nywele hadi nyusi, kutoka nyusi hadi chini ya pua, na kutoka hapo hadi kidevu. Sehemu ipi ya anayeigwa ni ndefu kuliko ya anayepakwa? Macho yameachana kiasi gani, ukilinganisha na kipimo cha kawaida cha upana wa jicho moja? Kilele cha nyusi kiko juu ya mboni au kimesogea kuelekea kwenye panja? Mabawa ya pua yanaishia wapi ukishusha mstari kutoka kwenye kona ya ndani ya jicho?

Nyusi hushughulikiwa kwanza, maana hakuna kitu kinachomrudisha mtu kwenye sura yake upesi kama nyusi zake. Husafishwa mafuta, hulazwa kuelekea juu kwa gundi ya fimbo isiyo na sumu inayooshwa kwa maji, tabaka nyembamba tatu, kila moja ikiachwa ikauke kabisa kabla ya inayofuata. Juu yake hupigwa poda, kisha rangi ya kuua weusi wa vinyweleo (ya pichi kwa ngozi nyeupe, ya machungwa kwa ngozi nyeusi), kisha konsila (rangi nzito ya kufunika), kisha poda tena. Zikianza kupasuka baada ya saa moja, sababu huwa moja kati ya mbili: gundi ilipakwa nene, au nyusi zilibaki na mafuta. Baada ya hapo nyusi mpya huchorwa mahali pa anayeigwa, na hapo tayari nusu ya safari imekwisha.

Kontua, yaani kivuli cha kuchonga umbo la uso, hufuata. Hutumika rangi iliyokoza kwa namba mbili au tatu kuliko ngozi ya anayepakwa, isiyo na wekundu mwingi, kwa sababu kivuli halisi hakina wekundu. Pua hufanywa nyembamba kwa mistari miwili ya kivuli iliyosogezwa kuelekea katikati. Hufanywa pana kwa kuisogeza mistari hiyo nje na kung'arisha mgongo wa pua kwa upana. Mdomo huweza kuongezwa milimita 1 hadi 2 nje ya mpaka wake. Ukizidisha, udanganyifu unaonekana mara tu mtu anapogeuka ubavu. Lenzi za rangi za macho zipimwe na daktari wa macho na zisiazimwe kamwe. Wigi hukamilisha, hasa mahali nywele zinapoanzia kwenye paji.

Halafu kuna kamera, ambayo wengi huisahau. Picha ya simu ikipigwa kutoka sentimita 30 huifanya pua ionekane pana zaidi kwa takriban asilimia 30 kuliko ikipigwa kutoka mita 1.5. Mpambaji aliyetumia saa nzima kuipunguza pua kwa kivuli huipoteza kazi hiyo kwa kunyoosha mkono na kujipiga mwenyewe. Mkao wa kidevu, kope zilizolegea au zilizokazwa, tabasamu la upande mmoja: haya humtambulisha mtu hata kabla hujaangalia vipodozi vyake.

Katika hatua zote hizo rangi ya giza imetumika, lakini imetumika kama kivuli. Hii ndiyo tofauti inayoondoa nusu ya mkanganyiko wa mjadala. Rangi ya giza ikiwa kivuli hufuata mifupa: pembeni mwa pua, chini ya mfupa wa shavu, kwenye panja, chini ya taya. Ikiwa ngozi, hupakwa sawasawa uso mzima, ikashuka shingoni, ikaingia nyuma ya masikio na kumalizikia mikononi. Ukiona mpambaji anatafuta faundesheni ya kupaka masikio na vidole vya mtu ambaye ngozi yake si hiyo, ujue ameacha kujenga sura na ameanza kuvaa kabila la mtu.

Kwa nini ngozi ya kupaka huonekana bandia

Kuna sababu ya kikemia na ya kimwanga. Rangi ya ngozi ya binadamu hutokana na melanini iliyo kwenye tabaka la juu, pamoja na damu inayopita chini yake. Mwanga huingia, hutawanyika, hurudi ukiwa umebeba rangi zote hizo. Faundesheni ni pigmenti iliyokaa juu: oksidi za chuma nyekundu, njano na nyeusi, mara nyingi pamoja na titani dioksidi iliyo nyeupe. Namba ya giza iliyotengenezwa kwa ajili ya mtu mweusi inategemea ngozi iliyo chini yake kuchangia joto na kina. Ukiipaka juu ya ngozi nyeupe, mchango huo haupo. Tabaka jembamba huacha weupe ukichungulia na matokeo huwa ya kijivu; tabaka nene huziba mwanga, uso unabaki bapa.

Zaidi ya hapo, ngozi nyeusi halisi haina rangi moja. Viganja na nyayo ni vyeupe kiasi, paji na pembe za mdomo mara nyingi zimekoza, mashavu yana rangi nyingine. Rangi moja iliyosambazwa kwa sponji hufuta yote hayo na kutoa kinyago. Na kwa sababu mpambaji hawezi kupaka ukingo wa ndani wa macho wala sehemu yenye unyevu ya midomo, hubaki pete nyeupe kuzunguka macho na mstari wa waridi kuzunguka mdomo. Alama hizo mbili zina historia yake, na hata asiyekusudia huishia kuzichora.

Wanaotumia kiwi ya viatu kwenye sherehe za mavazi wanajiongezea tatizo la pili. Ina viyeyusho vya mafuta ya petroli visivyotengenezwa kwa ngozi. Hukausha, huwasha, na huingia kwenye vinyweleo kiasi kwamba kuitoa ni kazi ya siku kadhaa.

Masizi ya kizibo

Karibu mwaka 1830 mwigizaji mweupe wa Marekani, Thomas Dartmouth Rice, alianza kupata umaarufu kwa wimbo na ngoma aliyoicheza akijifanya mtumwa mweusi aitwaye Jim Crow. Mwaka 1843 kundi la Virginia Minstrels lilipanda jukwaani New York na onyesho zima la namna hiyo, na maonyesho ya minstreli yakawa burudani kuu ya umma nchini humo kwa miongo kadhaa. Vifaa vilikuwa rahisi: vizibo vya chupa vilichomwa, vikasagwa kuwa unga, vikachanganywa na maji na kupakwa usoni. Sehemu inayozunguka mdomo iliachwa bila masizi, au ikachorwa nyekundu au nyeupe, ili mdomo uonekane mkubwa kupita kiasi hata kwa aliyekaa kiti cha nyuma kabisa. Macho nayo yaliachiwa pete. Wahusika walikuwa wachache na walewale: mtumwa mvivu mwenye furaha, na mweusi wa mjini anayejitia ustaarabu asiouweza. Ujumbe ulikuwa kwamba watu hawa utumwa unawafaa, na uhuru utawaharibu.

Jina la mhusika wa Rice ndilo baadaye lililobandikwa kwenye sheria za ubaguzi za majimbo ya kusini, sheria zilizodumu hadi miaka ya 1960.

Ushahidi kwamba masizi hayo hayakuwa jaribio la kufanana na yeyote ni watu weusi wenyewe. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe kwisha mwaka 1865, waigizaji weusi walianza kupanda jukwaani kwa wingi, lakini wengi walitakiwa nao wapake masizi. Bert Williams, aliyezaliwa Bahamas mwaka 1874 na kuingia Ziegfeld Follies, maonyesho maarufu ya jukwaani ya New York, mwaka 1910 kama nyota, aliigiza akiwa amepaka kizibo kilichochomwa. Mweusi aliyepakwa weusi! Kilichokuwa kinauzwa ni kinyago, na kinyago hicho hakikuhitaji kumjua mtu mweusi hata mmoja.

Sinema ikakirithi. Mwaka 1915 filamu ya The Birth of a Nation iliwaonyesha weusi kama wavamizi wa wanawake weupe, huku wahusika wakuu weusi wakiigizwa na Wazungu waliopakwa, na mwaka huohuo kundi la kibaguzi la Ku Klux Klan likafufuliwa. Al Jolson aliimba akiwa amepaka weusi katika The Jazz Singer mwaka 1927, filamu inayokumbukwa kwa kuingiza sauti ya mazungumzo kwenye sinema. Uingereza haikubaki nyuma: BBC ilirusha The Black and White Minstrel Show tangu 1958 hadi 1978, ingawa ombi la kuitaka iondolewe liliwasilishwa mapema kama 1967.

Hoja ya "kwetu historia hiyo haipo"

Hii ndiyo hoja inayotolewa zaidi nje ya Marekani, na mara nyingi haistahimili kuangaliwa kwa karibu. Minstreli walisafiri. Machi 1854, mabaharia wa Kamanda Perry wa Marekani waliwatumbuiza maofisa wa Japani kwa onyesho la nyuso zilizopakwa masizi ndani ya meli ya Powhatan, wakati wa mazungumzo ya kuifungua nchi hiyo kwa biashara. Kwa hiyo televisheni ya Japani ilipomwonyesha mchekeshaji aliyepakwa weusi akiigiza Eddie Murphy usiku wa Desemba 31, 2017, kulikuwa na historia ya zaidi ya miaka 160 nyuma yake.

Cape Town ilifikiwa na kundi lililojiita Christy's Minstrels mwaka 1862. Huko mambo yalichukua njia isiyotarajiwa: jamii za Wakoloredi (watu wa asili mchanganyiko), wengi wakiwa wazao wa watumwa, zilichukua mavazi na nyuso za kuchorwa na kuziingiza kwenye sherehe zao za Januari 2, ambazo leo ni maandamano ya Kaapse Klopse yenye nyuso za rangi nyingi na vimeta. Huwezi kuiweka kwenye kapu moja na video ya mwanamitindo mweupe, na pia huwezi kusema haikutokana na minstreli. Ni vyote viwili.

Uholanzi wana Zwarte Piet, msaidizi wa Mtakatifu Nikolasi, ambaye umbo lake la mtumishi mweusi linafuatiliwa hadi kitabu cha watoto cha Jan Schenkman cha mwaka 1850. Utetezi wa siku zote ulikuwa kwamba weusi ule ni masizi ya bomba la moshi. Wapingaji waliuliza swali la kipambaji kabisa: masizi gani hupaka uso sawasawa, yakaacha nguo safi, yakaotesha nywele za kusokotana na kuwekea midomo rangi nyekundu? Suluhisho lililokubaliwa kwenye mapokezi ya kitaifa ya mwaka 2019 lilitokana na swali hilo: michirizi michache ya masizi mashavuni, uso wa aliyevaa ukionekana. Mwaka uliofuata Waziri Mkuu Mark Rutte alisema mtazamo wake kuhusu Piet umebadilika.

Na kuna tukio ambalo wasomaji wa Afrika Mashariki hawalihitaji kuelezwa sana. Februari 2018, sherehe ya mwaka mpya wa Kichina ya televisheni ya taifa ya China, CCTV, ilikuwa na kichekesho kuhusu reli ya Nairobi hadi Mombasa. Mama wa Kiafrika aliigizwa na mwigizaji Mchina aliyepakwa weusi, akiwa na matako ya bandia na kapu la matunda kichwani. Kichekesho kilikusudiwa kusifu urafiki. Nia ilikuwa njema na kinyago kilikuwa kilekile cha 1843, jambo linaloonyesha jinsi nia isivyo kipimo.

Kiti kilichokaliwa

Upande wa ajira hauzungumzwi vya kutosha, ingawa ndio ulio wazi kuliko yote. Kanuni za maadili za Hollywood, zilizoandikwa 1930 na kuanza kusimamiwa kwa ukali 1934, zilikataza kuonyesha mapenzi kati ya weupe na weusi. Studio zilikwepa kwa kuwapaka rangi weupe. Waigizaji wa Kiasia nao waliumia: kwa filamu ya The Good Earth ya 1937, mume Mchina alipewa mwigizaji mweupe, kwa hiyo mke naye akawa mweupe. Luise Rainer akapata Oscar kwa nafasi ya mke, na Anna May Wong, mwigizaji Mmarekani mwenye asili ya Kichina, akaikosa nafasi hiyo. Lena Horne, mwimbaji na mwigizaji mweusi, alikuwa akisimulia kwamba rangi ya mekapu iliyochanganywa na kampuni ya vipodozi ya Max Factor kwa ajili yake, iliyoitwa Light Egyptian, ilikuja kupakwa waigizaji weupe waliopewa wahusika ambao angeweza kuwaigiza yeye.

Jarida la Vogue la Ufaransa lilimpaka weusi mwanamitindo mweupe mwaka 2009. Mwaka 2013 jarida la Numéro likampaka msichana mweupe wa miaka 16 kwa kurasa zilizoitwa African Queen, likaomba radhi. Mtu hahitaji nadharia yoyote hapo. Wanamitindo weusi walikuwepo, wana simu, na wangeitikia.

Kwenye matukio ya hatari ya filamu desturi hii ilikuwa ya kimyakimya zaidi: mwigizaji mbadala mweupe hupakwa rangi ili aruke au aanguke badala ya mwigizaji mweusi, kwa kisingizio kwamba mbadala mweusi hakupatikana. Kampuni ya filamu ya Warner Bros. iliomba radhi mwaka 2014 baada ya mpango wa namna hiyo kufichuka kabla ya kupigwa picha.

Maswali magumu kidogo

Weusi wanaojifanya weupe, je? Eddie Murphy aligeuzwa mzee wa Kiyahudi na Rick Baker katika Coming to America ya 1988, kazi nzuri ya vipande vya kubandika usoni. Mwaka 2004 ndugu wa Wayans walitengeneza filamu nzima ya vichekesho kwa kujifanya wanawake weupe. Mtu anaweza kuona vichekesho hivyo vibaya, na baadhi vilikuwa vibaya. Ila hakuna mwigizaji mweupe aliyekosa kazi kwa sababu yavyo, wala hakuna sheria iliyowahi kuwanyima weupe kura ikiwa na jina la mhusika wake. Kulinganisha mikono miwili ya mizani bila kuweka uzito uliomo ni kosa la hesabu, si la siasa.

Tropic Thunder ya 2008 ni ngumu zaidi. Robert Downey Jr. anaigiza mwigizaji mweupe mwenye majivuno anayejibadili ngozi ili ashinde tuzo, na ndani ya filamu kuna mhusika mweusi anayemshangaa na kumkosoa. Anayechekwa ni msanii anayedhani ngozi ni vazi. Downey aliteuliwa kugombea Oscar. Hoja inasimama kwa sababu hati ya filamu imeijenga. Mwigaji wa sherehe anayejipaka ili kumwiga Downey hana hati hiyo, amebaki na rangi tu.

Mwaka 2016 Zoe Saldaña, mwenye asili ya Kiafrika na Karibi, alipakwa giza zaidi na kubandikwa pua ili amwigize mwimbaji Nina Simone. Hapa si mweupe anayejifanya mweusi, lakini kinyago kinarudi kwa mlango mwingine: mwanamke mwenye ngozi na pua ya Simone hakuajiriwa kumwigiza mwanamke aliyebaguliwa kwa ngozi na pua hiyo. Saldaña aliomba radhi mwaka 2020.

Opera ina utetezi wake, kwamba watazamaji wako mbali na mhusika ameandikwa kuwa mweusi. Metropolitan Opera ya New York iliacha kumpaka Otello, mhusika mkuu wa opera yenye jina hilo, mwaka 2015, baada ya desturi iliyoanza 1891, na onyesho halikuanguka. Arena ya Verona nchini Italia iliendelea na mekapu ya giza katika opera ya Aida, na mwaka 2022 mwimbaji mweusi Angel Blue alijitoa kwenye opera nyingine aliyokuwa aimbe hapo kwa sababu hiyo.

Kuhusu uandishi wa habari, mwaka 1959 mwandishi mweupe John Howard Griffin alimeza methoxsalen, dawa inayosaidia mionzi kuikoza ngozi, akakaa chini ya taa ya mionzi, akanyoa kichwa na kupaka rangi, kisha akasafiri majimbo ya kusini ya Marekani kwa wiki kadhaa kama mtu mweusi. Alihatarisha maisha na alifumbua macho ya wasomaji wengi weupe. Swali linalobaki ni kwa nini wasomaji hao walihitaji mweupe aliyepakwa awaambie walichokuwa wakiambiwa na majirani zao kila siku.

Ngozi ya kudumu kidogo, na ngozi ya programu

Mwaka 2018 mwandishi Wanna Thompson aliibua mjadala kuhusu wanawake weupe mitandaoni wanaojionyesha kana kwamba ni weusi au chotara ili kuvutia wafuasi na mikataba ya matangazo. Hao hawaigizi mtu yeyote, na ndiyo maana ni vigumu kuwanyooshea kidole. Nyenzo ni zilezile za kawaida: losheni ya kujipa rangi, faundesheni ya namba za juu, mdomo ulioongezwa, nywele za kusuka. Kiambato cha losheni hizo ni dihidroksiasetoni, ambayo huungana na asidi za amino za ngozi iliyokufa juu na kutoa ukahawia baada ya saa kadhaa, kisha hufifia kwa takriban wiki moja ngozi inapochunika. Dawa za kunyunyizia huwa nayo asilimia 8 hadi 14. Kwenye ngozi nyeupe hutoa kahawia yenye machungwa, haifikii ngozi nyeusi, kwa hiyo anayetaka kufika huko hulazimika kuongeza faundesheni. Hapo ndipo hadithi ya "nimeota jua tu" inapokatika. Chapa kubwa ilipotoa faundesheni za namba 40 mwaka 2017, wanawake weusi walishangilia kwa sababu kwa miaka mingi walichanganya namba tatu kupata moja. Kuziona namba hizo zikigeuzwa vazi la mtu mwingine kunauma kwa namna yake.

Programu za simu hazihitaji hata brashi. Snapchat ilitoa kichujio cha Bob Marley Aprili 20, 2016, chenye rasta na ngozi iliyogeuzwa giza. FaceApp ilikuwa na kichujio cha kupendezesha sura kilichong'arisha ngozi za watu mwaka 2017, na miezi michache baadaye ikatoa vya kumgeuza mtu mweusi, Mhindi au Mzungu; viliondolewa upesi baada ya malalamiko.

Upande wa pili kuna waliozidisha tahadhari. Juni 2020, majukwaa ya filamu yalipokuwa yakisafisha maghala yao, Hulu iliondoa kipindi cha The Golden Girls cha 1988 ambamo wanawake wawili wamepaka udongo wa kutunza ngozi. Udongo wa urembo, rangi za kujificha za askari, masizi ya mchimba makaa: kila kimoja kina sababu yake ya kuwa usoni, na hakimwigi mtu kwa asili yake. Ila tahadhari ina nafasi pale sababu zimechanganyika. Wachezaji wa ngoma za morris za Uingereza walidai weusi wao ni wa kujificha tu, ilhali minstreli walikuwa wamepita vijijini humo pia. Vyama vyao vilikubaliana Julai 2020 kuacha kupaka weusi uso mzima, na vikundi vingi vikahamia bluu, kijani au vinyago. Ngoma haikupungua kitu.

Kazi ikija mezani

Mteja mweupe akileta picha ya mwimbaji mweusi, faundesheni huchaguliwa kwa kuilinganisha na taya na shingo ya mteja mwenyewe, mchana, karibu na dirisha. Kontua isizidi namba tatu juu ya hapo na isitoke kwenye mistari ya mifupa. Nguvu ziende kwenye nyusi, wanja, umbo la mdomo ndani ya milimita zilizotajwa, vazi linalojulikana la anayeigwa, vito, na mkao. Wigi la afro au rasta liachwe. Likiondolewa na bado hafanani, basi kilichokuwa kikifanana ni wigi. Pua ya kubandika nayo iachwe. Kwa wahusika wa kubuni wenye ngozi isiyo ya binadamu, rangi ya bluu au zambarau haina tatizo, lakini weusi wa makaa wenye midomo iliyoachwa wazi unarudisha kinyago, hata kama hati inasema ni jini.

Kabla ya kuchapisha, zima kichujio cha urembo cha simu, weka mizani ya nyeupe (white balance) ya kamera kati ya Kelvini 5,000 na 5,600 kwa mwanga wa mchana, na uhakikishe picha haijapigwa giza. Picha iliyokosa mwanga kwa hatua moja humfanya mtu aliyepakwa namba yake halisi aonekane amepakwa ya juu, na maelezo ya baadaye hayasaidii. Acha shingo na mkono mmoja viingie kwenye picha, na piga picha ya kabla ya mekapu kwa taa ileile. Ikiwa kazi iliyokwisha kuchapishwa imevuka mpaka, iondolewe, na taarifa itaje kilichofanyika: kwamba ngozi ilipakwa rangi ya watu wengine. Sentensi inayoanza na "kama kuna aliyekwazika" huongeza siku tatu kwenye mzozo.